Kikantoni Safi

Saa nne ya asubuhi ukumbi wa ofisi ya mizigo ya uwanja wa ndege ulikuwa umejaa watu, na uchafu wake ulikuwa wa kila aina. Sakafu ilinata kwenye viatu. Feni zilizungusha jasho la watu na kuwarudishia wenyewe. Kwenye kaunta namba tatu karani mwenye kucha ndefu alikuwa akichokoa meno kwa kona ya fomu ya mtu, na alipomaliza akaigonga muhuri, akamrudishia mwenyewe kwa tabasamu. Mwenye fomu akaipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Mimi ningeiacha palepale.

Ndipo alipoingia yule binti mwenye katoni kichwani, na watu wakampisha njia. Hawakumpisha kwa heshima.

"Dada, umebeba maiti?" mzee mmoja aliuliza, amejiziba pua kwa kofia yake.

"Mabondo mabichi, mzee. Sampuli za maabara ya mnunuzi."

"Sasa si bora maiti?"

Kwa asiyejua, bondo ni ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki. Hukatwa, hukwanguliwa damu na mafuta, huoshwa, huanikwa kwenye nyavu mpaka ukauke, kisha hupelekwa mbali, kwa watu wanaosema Kikantoni, ambako ni chakula cha heshima mezani. Lakini kabla ya heshima hiyo kuna ute, kuna inzi, na kuna harufu inayoingia kwenye nywele na haitoki kwa sabuni yoyote. Binti huyu alikuwa mpanga madaraja wa mabondo katika ghala moja mjini. Kazi yake ilikuwa kushika kila bondo, kulinusa, kuliinua kwenye mwanga na kusema hili la kwanza, hili la pili, hili takataka. Alisonya kila alipoona takataka, na kwa kuwa aliziona nyingi, wenzake wakambandika jina la Msonyo. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa koti la kazi la bluu lililopauka, na masikioni ana hereni mbili ndogo ambazo hazikuwa na habari na lile koti.

Mbele yake kwenye foleni alisimama kijana mwenye suti ya rangi ya maziwa na viatu vya kujitazamia. Alipogeuka na kuona katoni, alitoa leso ya hariri akajiziba pua, akasogea mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Msonyo akamtazama juu mpaka chini. "Kaka, usijitese. Manukato yako yananichefua kuliko mzigo wangu."

Watu wakaangua kicheko.

"Haya ni manukato ya ng'ambo, dada."

"Basi yarudishe kwao. Yanasumbua watu huku."

Kijana alitaka kujibu, lakini kona ya katoni ililowa, ikaachia, na tone moja zito la rangi ya chai likaanguka juu ya kiatu chake cha kulia. Ukumbi mzima uliliona likienda. Kijana akapauka. Msonyo aliweka katoni chini, akachuchumaa, akafuta kile kiatu kwa mkono wa koti lake, akakisugua mpaka kikang'aa kuliko mwenzake.

"Samahani kwa kiatu," alisema. "Maneno niliyosema sijayafuta."

Lakini yule kijana hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameinama anasoma karatasi iliyobandikwa kwenye katoni, iliyojaa maandishi ya Kichina. "Nani kaandika hivi? Hii ni lugha ya kununulia nyanya. Mnamwandikia mnunuzi mkubwa kama mnamwita muuza karanga?"

"Wewe unajua kusoma hayo?"

"Jumatatu naanza kazi ya ukalimani kwenye ghala moja hapa mjini. La mabondo." Alisoma anwani ya mtumaji iliyokuwa chini ya karatasi, akafumba macho. "Ee Mungu wangu. Ndilo hili."

Msonyo alicheka mpaka akashika ukuta. "Karibu sana, kaka. Njoo na viatu vingine."

* * *

Hivyo ndivyo Mkalimani alivyoingia ghalani, na ghala lilimtia kinyaa toka lango hadi choo. Alikuwa ameishi ng'ambo miaka minane, akasomea Kikantoni, tena siyo cha mitaani bali cha barua, hotuba na mikutano. Alikipenda kama wengine wanavyopenda gari. Siku ya kwanza kabisa Tajiri, yaani mwenye ghala, alimwita ofisini. Tajiri alikuwa mnene, mwenye vidole vinavyong'aa mafuta saa zote, na alizungumza huku anatafuna.

"Kazi yako ni kulainisha," alimwambia, na punje ya kitu fulani ikaruka toka mdomoni ikatua juu ya mkataba. "Watu wangu wa chumba cha kuoshea wana midomo. Mnunuzi akija wataanza, mara mikono, mara dawa. Wewe mpe maneno mazuri. Na yeye akiuliza uliza, uwape wao maneno mazuri. Tumeelewana?"

Mkalimani aliifuta ile punje kwa leso, akasaini. Chumba cha kuoshea chenyewe hakuwahi kukanyaga. Alifika mlangoni mara moja, harufu ikampiga usoni, akarudi zake. Akavaa miwani ya mbao na maisha yakaendelea.

Sasa sikiliza shida ya Msonyo. Ndani ya chumba kile alifanya kazi shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Shangazi alisimama siku nzima mbele ya pipa, mikono ndani ya maji yenye dawa ya kung'arishia, kwa sababu mabondo meupe ndiyo Tajiri aliyoyataka. Dawa ile iling'arisha mabondo na kula ngozi. Msonyo alikuwa na njia moja tu ya kumtoa pale. Mnunuzi, bibi mmoja wa Kikantoni aliyekuja kila baada ya miezi michache, alikuwa anatafuta mkaguzi mkuu wa ubora, mtu wake mwenyewe ndani ya ghala. Mkaguzi huyo ndiye angepanga nani afanye nini na wapi. Usaili ungekuwa kwa Kikantoni rasmi, mtu na mnunuzi ana kwa ana, mkalimani kafunga mdomo.

"Nifundishe," alimwambia Mkalimani wiki ya pili. "Nikipata kazi ile, Shangazi hatatia tena mkono kwenye lile pipa. Sitaki kingine."

"Nitakufundisha. Kwa sharti moja, uoge kabla ya somo."

"Na wewe usijipulize kabla ya somo."

Walikubaliana. Walikutana kila mchana kwenye mkahawa wa ghorofani mkabala na ghala, ambako bakuli la sukari lilikuwa na inzi wake wa kudumu. Msonyo aliwahamisha kwa kijiko, akafungua daftari.

"Mtu wa kawaida akisema anakula, anasema sik-faan," Mkalimani alifundisha. "Lakini mbele ya mgeni wa heshima unasema yung-sin. Chakula kilekile, mdomo uleule, ila umevaa tai."

"Na akifa?"

"Mtaani wanasema sei. Wewe usiliseme kabisa. Unasema gwo-san, amevuka."

"Kavuka kwenda wapi?"

"Usinichekeshe, somo zito hili. Sasa, mtu akikupa zawadi unamshukuru do-je. Akikuhudumia, akikufungulia mlango, unasema m-goi. Ukichanganya, watajua umeokota lugha jalalani."

"Mimi nikikuletea chai?"

"M-goi."

"Nikikupa moyo wangu?"

Mkalimani aliinua macho. Msonyo alikuwa anaandika, hata hakutabasamu.

"Do-je," alisema polepole. "Do-je sana."

"Sijasema nimekupa. Nauliza msamiati."

Alijifunza upesi. Alijua jinsi ya kusema wafanyakazi kwa heshima, yun-gung. Alijua afya, gin-hong, na mikono miwili, seung-sau, kwa sababu mpanga madaraja huulizwa kuhusu mikono. Alifurahi zaidi alipoambiwa kwamba kwa Kikantoni shangazi aliye mkubwa kwa baba ana jina lake, gu-ma, na aliye mdogo ana lake.

"Hao watu wana adabu," alisema. "Gu-ma. Nitamwita hivyo leo jioni, aniulize nimekula nini."

Neno la kunuka hakufundishwa. La kuoza, la usaha, la kubanduka, hakuna hata moja. Kwa Mkalimani hayo yalikuwa takataka, na yeye hakufundisha takataka.

Basi wakapendana. Mapenzi nayo yana ute wake, na wale wawili waliogelea ndani yake mpaka ikawa aibu kuwatazama. Asubuhi, kabla jua halijapanda, simu ililia.

"Umeamka, ua langu?"

"Ua gani hili linanuka samaki?"

"Ua langu mimi. Nimeshazoea. Jana nimelala na leso uliyoishika."

"Wewe ni mgonjwa."

"Nitibu basi, mpenzi."

"Nenda hospitali. Mimi nachelewa kazini." Akakata, kisha akakaa kitandani dakika nzima anaichekea simu.

"Huyo nani anakuchekesha alfajiri yote hii?" Shangazi aliuliza toka chumba cha pili.

"Mwalimu wa lugha, Shangazi."

"Lugha gani hiyo ina vichekesho hivyo?"

Mkalimani alifika kwao Jumapili moja, akaketi, akanywa chai, akamvisha Shangazi vilemba vya ukoka mpaka kikombe kikaisha. Shangazi aliketi mikono imefichwa ndani ya mtandio muda wote. Mkalimani aliiona ile mikono iliyofichwa. Hakuuliza, kwa sababu alijua angejibiwa.

* * *

Mnunuzi alifika Jumanne. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, suruali ya kijivu, viatu bapa, nywele zimekatwa usawa wa masikio, na macho ambayo hayakutulia mahali pamoja. Siku hiyo angesikiliza watu, Ijumaa angefanya usaili na kuchagua katoni za kununua. Walikaa kwenye chumba cha mikutano, ambako Tajiri alikuwa amepulizia dawa ya maua juu ya harufu ya samaki, ikawa mbaya kuliko samaki mwenyewe. Msonyo alikaa mwisho wa meza na daftari lake la madaraja.

Wanawake wa chumba cha kuoshea walimtoa Shangazi awasemee. Alisimama, mikono ndani ya mtandio.

"Mwambie Bibi hivi, mwanangu," alimwambia Mkalimani. "Hatumlaumu. Lakini dawa ya kwenye pipa inatula mikono. Kucha zinatoka. Watatu hawawezi kushika kijiko. Kama ni lazima mabondo yawe meupe, atupe hata glavu nzito. Mwambie hivyohivyo."

Mkalimani alisimama. Alikuwa mzuri kumtazama, nawaapia, amevaa suti ya kijivu, tai ya bluu, sauti kama ya mtangazaji. Akasema kwa Kikantoni, taratibu na kwa ufasaha, kwamba yun-gung wote wanatoa shukrani za dhati kwa mheshimiwa mnunuzi na wanamtakia gin-hong yeye na familia yake.

Kalamu ya Msonyo ikasimama.

Bibi alikunja uso kidogo. Akauliza swali, na akaliuliza kwa lugha ileile ya suti na tai, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu mbele ya watu asiowajua. Je, seung-sau, mikono miwili ya yun-gung, ina gin-hong? Kampuni yake hainunui bondo lililotiwa dawa yoyote. Anaomba kuhakikishiwa.

Mkalimani akawageukia wanawake. "Bibi anawasalimu nyote. Anasema kazi yenu ni nzuri na moyo wake umeridhika."

"Na mikono?" Shangazi aliuliza.

"Amesikia, Shangazi. Atalishughulikia."

Shangazi akashukuru, akaketi. Tajiri alikuwa anatafuna kitu na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Msonyo alikuwa amelielewa kila neno. Maneno yote aliyofundishwa kwa chai na inzi yalipita mbele yake moja baada ya jingine, na mwalimu wake ndiye aliyekuwa akiyatumia. Yule mjinga alikuwa amemfundisha lugha ileile anayodanganyia, tena kwa bidii, na hakufikiri hata siku moja kwamba mwanafunzi ana masikio.

Alimkamata kwenye ngazi.

"Nimesikia," alisema.

"Umesikia nini, kipenzi?"

"Seung-sau. Gin-hong. Anauliza mikono yao kama ni mizima, wewe unasema anawasalimu. Anasema hataki dawa, wewe umemeza. Shangazi yangu amekuita mwanangu, ukampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mbele ya watu."

Mkalimani alitazama juu na chini ya ngazi. "Punguza sauti. Ni amri ya Tajiri. Mkalimani ndiyo kazi yake, mpenzi, kulainisha. Nisingelainisha wangepigana."

"Ulijua tangu lini?"

Mkalimani alishughulika na kifungo cha koti.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza," alisema. "Lakini mikono yenyewe sijawahi kuiona. Sikujua ni mbaya kiasi gani."

"Hukutaka kujua. Umekuja kwetu, umekunywa chai, mikono iko kwenye mtandio mbele ya pua yako." Alivua hereni moja, akaitazama; Mkalimani ndiye aliyempa, wiki iliyopita, kubadilisha zile ndogo za zamani. Akavua na ya pili, akamtilia zote kwenye mfuko wa koti. "Nimekaa na mabondo miaka sita. Yananuka kwa sababu yameoza. Wewe umeoza na unanukia. Unanitia kinyaa, sikia, kinyaa cha kweli. Usinipigie."

Alipiga. Alipiga Jumanne jioni, akapiga Jumatano mara tisa. Alhamisi asubuhi Msonyo alipokea, ili tu imalizike.

"Ua langu, nisikilize..."

"Ukinipaka hayo maua tena nakata."

"Sawa. Sawa. Nisikilize tu. Nikisema ukweli nafukuzwa, na hakuna ghala litakalonichukua. Utanipenda nikiwa barabarani?"

"Sikupendi hata ukiwa ofisini. Shida yako unadhani mimi nakusuta kwa sababu nina hasira. Sina hasira. Nikikufikiria nataka kunawa."

"Kesho kwenye usaili..."

"Kesho utakaa kimya kama sheria inavyosema. Kukaa kimya unakujua." Akakata.

Asubuhi hiyohiyo alimfungua Shangazi vitambaa ili amwoshe kabla ya kazi. Nitaisema kama ilivyo, atakayechefuka aruke. Viganja vilikuwa vyeupe na vimevimba kama vilivyochemshwa. Kati ya vidole ngozi ilikuwa imefunguka na kutoa usaha wa kijani, kucha mbili zilikuwa zimeshikilia kwa uzi tu, na harufu yake haikuwa ya samaki. Msonyo alisugua polepole kwa maji ya chumvi, Shangazi anauma mtandio.

"Yule mwalimu wako haji tena?" Shangazi aliuliza baadaye.

"Hapana."

"Kafanya nini?"

Msonyo alimwambia yote. Shangazi alinyoosha mkono afungwe kitambaa kipya.

"Basi Bibi hajui," alisema mwishowe. "Miaka yote hiyo tunamlaani, na hajui. Mwanangu, kesho utakuwa naye uso kwa uso."

"Nikisema, kazi ile naikosa. Tajiri atanitoa nje kabla sijafunga mdomo."

"Kazi uliitaka kwa ajili gani?"

* * *

Ijumaa chumba kilikuwa na watu wanne tu, Bibi, Tajiri, Msonyo, na Mkalimani pembeni akiwa amefunga mdomo kama alivyotakiwa. Msonyo alivaa gauni la kijani lililopigwa pasi mara mbili. Alimsalimu Bibi kwa heshima zote, akaeleza madaraja, unene, rangi, ukavu. Hakukosea mahali pa m-goi wala pa do-je. Bibi alikuwa anaandika na kutabasamu. Mwisho akafunga daftari na kumwuliza kama ana jambo la kuongeza.

Msonyo alipiga moyo konde.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa kueleza," alisema kwa Kikantoni chake cha miezi mitatu. "Mikono miwili ya wafanyakazi haina afya."

Bibi aliinua nyusi. Akauliza, je, ni uchovu?

"Siyo uchovu. Haina afya. Haina afya sana." Akatafuta neno. Alikuwa na maneno ya karamu, ya pongezi, ya rambirambi. La ngozi kubanduka hakuwa nalo. "Mikono ya gu-ma wangu," alisema. "Gu-ma wangu, mikono yake, haijambo... hapana, siyo haijambo..." Katika daftari lote la Kikantoni safi hakukuwa na kitu kichafu cha kutosha kusema ukweli.

Tajiri alishtuka kidogo, kisha akatabasamu, mafuta yakameremeta. "Mkalimani, msaidie dada yako, amekwama. Mwambie Bibi, wafanyakazi wanaomba glavu mpya kwa ajili ya usafi. Basi."

Mkalimani alisimama. Akanyoosha tai. Akamtazama Tajiri, akamtazama Bibi, kisha akamtazama Msonyo, ambaye hakumtazama. Alikuwa ametazama meza kama mtu aliyekwisha kujua atakachosikia.

"Laan," Mkalimani alisema.

Ni neno la sokoni. Ndilo wanalosema kwa nyanya iliyooza. Bibi akageuka.

"Imeoza," aliendelea kwa Kikantoni cha mitaani, cha kelele, ambacho hakuwahi kukitoa kinywani mbele ya mtu wa heshima. "Mikono yao imeoza. Chau, inanuka. Inatoa usaha. Kucha zinadondoka. Kuna pipa la dawa nyuma ya mlango wa chumba cha kuoshea, limefunikwa turubai, na mabondo yote unayoyaona meupe yametoka humo. Jumanne hawakukushukuru. Walikuambia haya. Niliyabadilisha mimi."

"Anasema nini?" Tajiri aliacha kutafuna. "Wewe, umesema nini?"

"Nimemwambia Bibi kilichosemwa," Mkalimani alimjibu.

"Umefukuzwa! Sasa hivi! Toka!"

Bibi aliinua mkono mmoja, Tajiri akanyamaza bila kujua kwa nini. Akamwomba Mkalimani arudie. Mkalimani akarudia, neno kwa neno, na mara hii jasho lilikuwa limemtoka mpaka kola ikalowa. Bibi akasimama, akamshika Msonyo kiwiko, wakashuka.

Mkalimani aliwafuata mpaka ndani ya chumba cha kuoshea, kwa mara ya kwanza. Sakafu ilikuwa na ute wa kuteleza, matumbo yamezagaa kwenye mfereji, na dawa ikamwasha macho. Shangazi alipofungua mtandio wake mbele ya Bibi, Mkalimani aliona alichokuwa akikifunika kwa maneno mazuri. Alikimbilia ukutani, akatapikia viatu vyake vya kujitazamia. Hakuna aliyemhurumia, na mimi pia simhurumii.

Bibi hakutapika. Aliishika ile mikono kwa mikono yake mitupu, akaigeuza, akainusa kama bondo. Kisha akasema sentensi moja fupi, na Msonyo akaitafsiri kwa sauti ili kila mwanamke asikie.

"Anasema hachukui hata katoni moja."

* * *

Pipa liliondolewa siku hiyohiyo, na wanawake wa chumba kile wakapelekwa hospitali kwa amri ya Bibi, la sivyo Tajiri angetafuta mnunuzi mwingine. Msonyo alipewa ukaguzi mkuu. Mkalimani alifungasha virago. Madereva wa Tajiri walikuwa na midomo kama mwenyewe, na ndani ya wiki kila ghala mjini lilikuwa limeshasikia habari za mkalimani anayesema kilichosemwa. Hakuna aliyemtaka.

Wiki tatu zikapita. Hakupiga simu hata mara moja. Jumamosi alasiri akabisha hodi kwao. Alivaa shati la mikono mifupi na ndala, na hakunukia chochote.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Shangazi alikuwa ameketi sebuleni, mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. "Umefuata nini?"

"Nimekuja kumwomba binti yako anioe." Akasita. "Nimuoe. Nimechanganyikiwa, samahani."

Msonyo alitokea mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha vyombo begani. Alikuwa na sahani mkononi, akaendelea kuifuta.

"Kaa hapo," Shangazi alisema. "Huyu alikuwa anakuja kunifungua bandeji. Fungua wewe."

Mkalimani akakaa kwenye kigoda, akaushika mkono wa kulia, akaanza kuzungusha bandeji. Safu ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilikuwa na madoa ya njano. Ya mwisho ilikuwa imegandana na nyama, ikabidi ailoweshe kwa maji ya uvuguvugu na kungoja. Ilipoachia, harufu ilipanda moja kwa moja usoni mwake. Macho yakamjaa machozi.

"Unaonaje?" Shangazi aliuliza. "Niambie, mwanangu. Inaendeleaje?"

Msonyo aliacha kufuta sahani. Kama angesema 'inapona vizuri, Shangazi,' mlango ulikuwa pale wazi, na yeye mwenyewe angemsukuma nje kwa mikono miwili.

Mkalimani aliusogeza mkono kwenye mwanga. "Inatia kinyaa, Shangazi," alisema. "Inanuka. Pale kwenye kidole gumba kuna usaha mpya. Nataka kutapika."

"Basi nenda."

Alikwenda. Walimsikia nje, karibu na bomba, kwa muda mrefu. Kisha maji yakafunguliwa, yakafungwa, akarudi uso umelowa, akaketi kwenye kigoda kilekile, akaushika mkono uleule na kuanza kuusafisha.

Shangazi alimgeukia mpwa wake. "Huyu sasa anaongea lugha ninayoielewa. Mimi mikono yangu imeshikwa, siwezi kumfukuza. Jibu wewe."

"Sijasema ndiyo," Msonyo alisema.

"Najua," Mkalimani alijibu bila kuinua kichwa.

"Bandeji hubadilishwa kila siku, asubuhi na jioni. Asubuhi nitafanya mimi. Jioni ni zako. Siku daktari akisema basi, nitakujibu."

Daktari alisema basi baada ya miezi minne. Katika miezi hiyo Mkalimani alitapika mara sita zaidi, na hakukosa jioni hata moja. Msonyo akamjibu ndiyo, kwa Kiswahili.